Kasi kwenye gitaa: namna ya kuijenga na mahali pa kuitumia

Kama wimbo wenu wa kwaya unakwenda mapigo 120 kwa dakika na uwezo wako unaishia 120, utaupiga ukiwa umekaza mabega tangu mwanzo hadi mwisho. Nota zitatoka, ila zote zitakuwa na nguvu moja. Hutaweza kuchelewesha hii kidogo wala kuibana ile. Mpiga dramu akipandisha mwendo (nao hupandisha, hasa watu wakishasimama na vigelegele vikianza), umeachwa. Mwenye uwezo wa 145 akiupiga wimbo huohuo ana nafasi ya kufikiri na kusikiliza wenzake. Akiba hiyo, kama asilimia 20 juu ya kile wimbo unachodai, ndiyo sababu kubwa ya kufanyia kazi kasi. Kuwashangaza watu ni sababu pia, lakini huchosha upesi, kwa mpigaji na kwa wasikilizaji.

Maelezo haya ni kwa anayepiga solo au ridhimu, gitaa la umeme au gitaa kavu (galatoni, kama wazee walivyoliita), na tayari anajua kodi za kawaida (kodi ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja). Yameandikwa kwa anayebana nyuzi kwa mkono wa kushoto. Anayepiga kwa mkono wa kushoto ageuze.

Unapima nini hasa

Metronomu huhesabu mapigo kwa dakika. Kasi ya vidole ni idadi ya nota kwa sekunde. Chukua tempo (hayo mapigo kwa dakika), gawanya kwa 60, zidisha kwa idadi ya nota unazoweka ndani ya pigo moja. Tempo 60 yenye nota nne kila pigo ni nota 4 kwa sekunde. Tempo 100 ni 6.7, tempo 120 ni 8, tempo 130 ni karibu 8.7. Nyimbo za mwendo wa 6/8, zisizokosekana kwenye kwaya zetu, huwa na nota tatu kila pigo kubwa, kwa hiyo tempo 120 hapo ni nota 6 tu. Anayejisifu kwamba anapiga tempo 160, kumbe anaweka nota mbili kila pigo, yuko kwenye 5.3. Mwenzake wa tempo 110 mwenye nota nne yuko kwenye 7.3.

Programu ya metronomu ya bure kwenye simu inatosha. Ukiisikiliza kwa spika ya bluetooth hakuna neno, kwa sababu kila pigo linachelewa kwa kiasi kilekile. Ila usipitishe sauti ya gitaa lenyewe kwenye spika hiyo. Ucheleweshaji wake mara nyingi huzidi sehemu ya kumi ya sekunde, na kwa kasi ya nota 8 kwa sekunde nota moja inachukua sekunde 0.125. Utakuwa unasikia nota iliyopita huku kidole kiko kwenye inayofuata, na hakuna mtu anayeweza kupiga vizuri namna hiyo.

Gitaa lenyewe kwanza

Vidole vingi vinavyolaumiwa kuwa vizito havina kosa. Nyuzi ndizo zimekaa juu mno. Pima kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), kutoka juu ya chuma cha freti hadi chini ya uzi. Kama huna rula nzuri ya milimita, tumia kadi za benki: unene wake ni mm 0.76, nchi yoyote, benki yoyote. Kadi mbili ni karibu mm 1.5, tatu ni karibu mm 2.3. Pitisha upande usio na namba zilizovimba. Kwa gitaa la umeme, uzi wa kwanza (ule mwembamba kuliko wote) ukae kama kadi mbili na wa sita usifike tatu. Gitaa kavu la nyuzi za chuma, uzi wa kwanza uwe kati ya kadi mbili na tatu, wa sita tatu na kidogo. Ukikuta kadi nne au tano zinapita, acha kutafuta mazoezi ya kasi. Tafuta fundi, au fanya yafuatayo kwa mpangilio huu.

Anza na shingo. Bana uzi wa sita kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, kisha tazama nafasi iliyobaki chini ya uzi kwenye freti ya 7. Zipite karatasi mbili au tatu za A4 za gramu 80, yaani mm 0.2 hadi 0.3. Mafundi wa pikipiki wana filageji ya kupimia vali. Ukiazima, ni bora kuliko karatasi. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imejikunja: kaza chuma cha ndani ya shingo kwa ufunguo wa alenki kuelekea mwendo wa saa, robo ya mzunguko na si zaidi, rudisha nyuzi kwenye sauti zake, pima tena. Ukihisi kimegoma, acha hapohapo. Kile chuma kikikatika, gharama yake inaweza kuzidi bei ya gitaa. Magitaa mengi ya nyuzi za nailoni hayana chuma hicho kabisa. Hayo usiyafunge nyuzi za chuma, kwa sababu mvutano wake hung'oa briji, kile kipande cha kifuani kinachoshika nyuzi.

Shingo ikinyooka ndipo uangalie briji. Gitaa la umeme lina skrubu ndogo za kupandisha na kushusha kila uzi. Gitaa kavu lina kipande cheupe cha mfupa au plastiki kilichochomekwa kwenye briji, na hicho hupunguzwa kwa chini, kwa msasa uliolazwa juu ya kioo ili kisipinde. Uzi ushuke mm 0.5 kwenye freti ya 12? Punguza mm 1. Ni mara mbili kwa sababu freti ya 12 iko katikati ya urefu wa uzi. Chora mstari wa penseli, simama kabla hujaufikia, rudisha, pima. Kama umezidisha, weka kipande cha kadi ya plastiki chini yake hadi upate kingine.

Mwisho tazama kile kipande chenye mifereji kilicho juu ya shingo, karibu na vikazio vya nyuzi. Bana uzi kwenye freti ya 3: juu ya freti ya 1 karatasi moja ipite kwa taabu. Zikipita tano, kodi ya F itakutesa maisha yako yote na utadhani ni udhaifu wa kidole. Kazi ya kuchimba mifereji hiyo mpe fundi mwenye faili nyembamba.

Hali ya hewa ya huku Nyanda za Juu Kusini inaongeza kazi. Kiangazi kuanzia Mei hadi Oktoba hewa ni kavu, mbao zinasinyaa, kifua cha gitaa kavu kinazama, nyuzi zinashuka na kuanza kukoroma kwenye freti; hata ncha za chuma za freti hutokeza pembeni mwa shingo na kukwangua kiganja. Masika mbao zinavimba, nyuzi zinapanda. Gitaa lililorekebishwa Tukuyu wakati wa mvua linaweza kukoroma likifika Iringa mwezi wa nane, na lililozoea ubaridi wa Mbeya mjini, kwenye kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, likishushwa Kyela kwenye joto na unyevu wa ziwa litabadilika pia. Kwa hiyo pima mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa kiangazi na mvua zikikolea. Kiangazi weka ndani ya begi la gitaa kiboksi cha sabuni kilichotobolewa matundu, ndani yake sponji iliyokamuliwa vizuri. Ikidondosha maji, umeharibu zaidi ya ulichotaka kuokoa.

Nyuzi za gitaa la umeme za kuanzia inchi 0.009 au 0.010 (unene wa uzi wa kwanza), na za gitaa kavu za kuanzia 0.011 au 0.012, zinafaa. Nyembamba zaidi ya hapo ni rahisi kubana lakini hutikisika kwa upana, kwa hiyo ukizishusha sana zinakoroma. Zilizoshika kutu hazifai kwa kasi, maana kidole kinachoteleza kinakwama. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Sehemu za mvua nyingi kama Rungwe hili si la hiari.

Piki, kile kipande cha plastiki cha kuchapia nyuzi, iwe ngumu. Ya mm 0.5 inapinda ikigusa uzi na inachelewa kurudi, na kuchelewa huko huonekana kasi ikipanda. Tafuta ya mm 1 hadi 1.5. Dukani kama hakuna, kata kadi ya benki iliyokwisha muda, vipande viwili vya umbo la moyo mwembamba, vibandike kwa gundi ya supa, vilainishe ukingo kwa msasa laini. Unapata mm 1.5 bila gharama. Ncha iwe ya mviringo mdogo. Ikichongoka sana inachimba uzi badala ya kuupita.

Mkono wa kushoto: nguvu ndogo kuliko unavyodhani

Wengi hubana uzi kwa nguvu kubwa kuliko inayohitajika, na kila gramu ya ziada ni muda wa ziada wa kuachia. Jaribu hivi. Weka kidole juu ya uzi wa 2, freti ya 5, bila kuubonyeza, huku mkono wa kulia ukichapa mfululizo taratibu. Utasikia tok, tok. Ongeza nguvu kidogokidogo. Kuna mahali uzi unaanza kuguna, kisha ghafla sauti inasafika. Simama hapo. Hiyo ndiyo nguvu yote unayohitaji. Rudia kidole kwa kidole, dakika mbili kwa siku, na uanze na kidole cha mwisho kwa kuwa ndicho kinachodanganya zaidi.

Kidole kikae nyuma tu ya chuma cha freti, si katikati ya nafasi. Ukikaa nyuma sana utalazimika kubonyeza zaidi ili uzi usikorome. Gumba nyuma ya shingo liwe limelala tu. Ukiweza kuliondoa kwa sekunde moja na nota ikaendelea kulia, uko sawa. Vidole visivyofanya kazi visiruke zaidi ya sentimita moja juu ya nyuzi. Hili ni rahisi kuliona kwenye kioo kuliko kulihisi. Kidole cha mwisho kina tabia ya kusimama kama antena kila kidole cha pete kinapobonyeza. Kirudishe chini kwa mwendo wa pole sana, tempo 40 hata 50, hadi kizoee kukaa.

Mkono wa kulia na shida ya kuruka nyuzi

Shika piki ncha yake itokeze mm 3 hadi 4 tu. Ilaze kidogo ili ukingo wake, si bapa lote, ndio ukate uzi. Chapa chini, juu, chini, juu bila kuvunja mpangilio, na mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono. Ukiona kiwiko kimeganda na msuli wa juu unatetemeka, umeshapita uwezo wako.

Hapa ndipo wengi hukwama kwa miaka bila kujua sababu. Kwenye uzi mmoja wanakimbia vizuri, wakibadilisha uzi wanajikwaa. Tatizo ni njia ya piki. Ukiinamisha mkono kidogo hivi kwamba piki inatoka hewani inapokwenda juu, basi baada ya kuchapa juu (pigo la juu) iko huru kurukia uzi wowote. Baada ya pigo la chini imenasa katikati ya nyuzi mbili, na ili kutoka lazima ifanye mzunguko wa ziada. Dawa ni kupanga vidole upya: weka nota mbili au nne kwenye kila uzi, ili ubadilishe uzi baada ya pigo la juu kila mara. Kifungu kikiwa na nota tatu kwenye uzi, chapa mbili za kwanza, na ya tatu itokee kwa mkono wa kushoto peke yake, kwa kugonga kidole juu ya uzi kama unapanda au kukichomoa kwa kukwaruza kidogo kama unashuka. Nota ya namna hiyo ni laini zaidi, na katika muziki wa kuimbika ulaini huo ni faida.

Wapo wanaoikwepa shida yote kwa kuacha piki. Franco Luambo, mpiga gitaa wa Kongo, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada, na ukiangalia kazi ya sebene (sehemu ya wimbo ambapo magitaa huongoza na watu hucheza) unaelewa mantiki yake: gumba linachukua uzi mmoja, shahada mwingine, hakuna anayemruka mwenzake.

Zoezi moja linalolipa

Mazoezi ya kupanda na kushuka freti 1-2-3-4 yanazoeza vidole, lakini hakuna wimbo unaokwenda hivyo. Zoezi hili linatumika Jumapili ileile. Ni sauti mbili kwa ufunguo wa G, uzi wa 3 na uzi wa 1, uzi wa 2 hauguswi. Namba ya kwanza ni freti ya uzi wa 3, ya pili ni ya uzi wa 1.

G: 4 na 3, kisha 7 na 7
C: 9 na 8, kisha 12 na 12
D: 11 na 10, kisha 14 na 14
C: 12 na 12, kisha 9 na 8

Kila jozi inachukua pigo moja, jumla mapigo nane, halafu unarudi mwanzo. Ndani ya pigo piga nota nne: uzi wa 3, wa 1, wa 3, wa 1. Kwenye gitaa la nailoni ambalo shingo inaishia freti ya 12, acha ile 14 na 14, ukae kwenye 11 na 10 kwa mapigo mawili.

Siri iko kwenye kidole cha kati. Kikae juu ya uzi wa 3 muda wote, kisiinuke hata mara moja, kinateleza tu. Freti zikitofautiana (4 na 3, 9 na 8, 11 na 10) kidole cha shahada kinabana uzi wa 1. Zikilingana (7, 12, 14) ni kidole cha pete. Ukiteleza legeza nguvu kabla ya kuondoka na kaza ukishafika. Ukiteleza umekaza, mlio wa kukwaruza utasikika hadi nje ya kanisa. Mkono wa kulia tumia gumba na shahada, au piki kwa uzi wa 3 na kidole cha kati kwa uzi wa 1. Uzi wa 2 uzibe kwa kuulalia kidogo na nyama ya kidole cha kati cha mkono wa kushoto, la sivyo utaguna wenyewe.

Zoezi likikaa sawa, lihamishe. Freti mbili juu ni ufunguo wa A. Kisha lipige kwa nota tatu kila pigo, 3-1-3, halafu 1-3-1, kwa mwendo wa 6/8. Hapo uzi unaoanza pigo unabadilika kila mara, na mkono uliozoea mpangilio mmoja unachanganyikiwa kwa siku chache.

Kupandisha tempo

Tafuta kwanza kikomo chako safi: tempo ya juu kabisa unayoweza kurudia kifungu mara nne bila nota iliyokufa na bila kukaza bega. Tuseme ni 90. Kikao cha dakika 25 kinakwenda hivi.

Dakika tano za mwanzo, tempo 54, yaani asilimia 60. Sikiliza usawa wa sauti tu. Dakika kumi zinazofuata panda kwa hatua za 4: 58, 62, 66, na kuendelea, ukihama pale tu umerudia mara tano mfululizo bila kosa. Ukikosea mara mbili kwenye tempo moja, shuka hatua mbili. Utaishia pengine 86 au 94, na ndivyo inavyotakiwa. Siku nyingi hutavunja rekodi yoyote.

Dakika saba zinazofuata ndizo watu huziruka. Kupanda taratibu peke yake kuna mtego: mkono unaweza kujifunza mwendo mpana ambao kwa tempo 60 unafanya kazi, lakini hauwezi kamwe kufika 130, kama ambavyo huwezi kukimbia kwa kuongeza kasi ya kutembea. Kwa hiyo lazima uonje mwendo wa haraka mapema, kwa vipande vifupi. Weka metronomu 110. Piga mapigo matatu kwa nota mbilimbili, na pigo la nne kwa nota nne, kisha simama kwenye nota ya kwanza ya pigo linalofuata. Nota nne za haraka na moja ya kutua. Mkono ukilegea kwa hizo tano, ongeza pigo la pili la haraka. Fanya mizunguko kama kumi, pumzika dakika moja mikono ikining'inia, rudia.

Dakika tatu za mwisho rudi tempo 60 na kifungu kilekile. Ubongo huondoka na kile ulichokifanya mwisho, kwa hiyo usimalizie na makosa.

Rekodi kwa simu mara moja kwa wiki na sikiliza kwa nusu ya kasi. Vichezeo vingi vya sauti na video kwenye simu vina kitufe cha 0.5. Hapo kila kitu kinafichuka. Ukisikia mlio uliozibwa mwanzoni mwa nota, mkono wa kushoto umechelewa, piki imefika kabla ya kidole. Nota ikikatika mapema, kidole kimeondoka kabla piki haijafika kwenye inayofuata. Nota zikija mbilimbili, moja nzito moja nyepesi, pigo lako la juu ni dhaifu: piga zoezi zima kwa kuanzia pigo la juu kwa siku kadhaa. Na kama nota zote ni safi ila zinakimbilia mbele ya metronomu, vidole havina kosa. Punguza mlio wa metronomu uwe pigo moja kwa kila manne, ili ulazimike kuyabeba mapigo mengine mwenyewe.

Maumivu ni habari nyingine. Uchovu wa msuli wa juu wa mkono ni wa kawaida na huisha baada ya dakika chache. Maumivu ya kuchoma kwenye kifundo, au ganzi kwenye vidole, yanamaanisha kuacha siku hiyo, na yakirudi siku kadhaa, kumwona daktari. Hakuna sebene inayostahili mshipa uliovimba.

Asubuhi za Juni na Julai

Njombe, Makete, Mufindi, hata Uyole, asubuhi za kipupwe vidole havitii. Msuli wa baridi hujibu polepole, na anayelazimisha tempo yake ya kawaida dakika ya kwanza ndiye anayeumia. Loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu kama dakika tano, kausha kabisa kabla ya kugusa nyuzi, kisha anza kwa nusu ya tempo yako kwa dakika tano. Kikombe cha chai mkononi nacho kinasaidia, kwa njia zote mbili. Jiko la mkaa usiliingize kwenye chumba kilichofungwa, na usilisogeze karibu na gitaa: moshi wake usioonekana unaua, na joto lake linapasua mbao.

Nyuzi za chuma zikipoa hujivuta na sauti hupanda. Vidole vikizipasha, inashuka. Ukitiunia gitaa nje kwenye ubaridi na kuanza ibada papo hapo, wimbo wa pili utakuta umeteremka chini ya kinanda. Piga dakika kumi, ndipo utiunie.

Kasi ndani ya wimbo

Muziki wa dansi tuliourithi una nafasi ya kasi iliyo wazi kabisa. Sehemu ya kwanza ni ya mwimbaji. Gitaa linajibu mwisho wa mstari, nota tano sita, basi. Chemko (yaani sebene) likianza, solo ndilo linaloongoza, na hapo nota 8 kwa sekunde zina kazi, kwa sababu wachezaji wanazihitaji miguuni. Anayemwaga nota hizo juu ya maneno ya mwimbaji anaharibu vitu viwili: maneno hayasikiki, na chemko likifika halina jipya la kuleta. Diblo Dibala, mpiga solo wa Kongo, alipewa jina la Machine Gun kwa kasi yake, lakini msikilize vizuri: nota zake ni fupi, kila moja imekatwa, na zinarudi kwenye kifungu kilekile kifupi hadi mguu wa msikilizaji ukijue. Kifungu cha pigo mbili kilichorudiwa mara nane kina nguvu kuliko vifungu nane tofauti.

Fupisha nota. Hicho ndicho chombo cha kwanza cha kuleta hisia ndani ya kasi, na kinasahaulika. Ukilaza nyama ya kiganja cha kulia juu ya nyuzi, karibu kabisa na briji, kila nota inakatika na kasi inasikika hata ikiwa ndogo. Inua kiganja kwenye nota moja kati ya nane, na hiyo itaimba. Chombo cha pili ni nguvu zisizo sawa: kwenye lile zoezi la sauti mbili, kaza nota ya kwanza ya pigo na lainisha tatu zinazofuata, wiki inayofuata kaza ya nne. Ni nota zilezile, lakini mdundo ni mwingine kabisa. Cha tatu ni kusimama. Baada ya mapigo nane ya haraka, nota moja ndefu inayotikiswa taratibu, kama mara nne au tano kwa sekunde, inabeba zaidi ya mapigo mengine nane.

Kwenye bendi, simama mita mbili au tatu kutoka kwa mpiga dramu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Dramu zikiwa mita 10 kutoka kwako, unazisikia zimechelewa karibu sekunde 0.03. Kwa nota 8 kwa sekunde hiyo ni robo nzima ya nota, na mtabaki mkilaumiana nani anavuta nani.

Kisha kuna bati na saruji. Ukumbi mkubwa usio na mapazia unashikilia sauti muda mrefu, na nota zinazofuatana kila sekunde 0.125 zinarundikana juu ya mwangwi wa zilizotangulia hadi zinakuwa uji. Zima mwangwi wa amplifaya kabisa, punguza besi, ongeza kidogo sauti za kati, na ziba kwa kiganja zaidi ya unavyofanya nyumbani. Bado ni uji? Piga nota mbili kila pigo badala ya nne. Mvua ikianza kupiga bati, nota za haraka ndizo za kwanza kupotea. Rudi kwenye kodi, umwachie mpiga dramu na besi. Na usiamini ulichosikia kwenye mazoezi ya Jumamosi jioni: ukumbi ulikuwa mtupu. Jumapili miili na makoti ya baridi yatanyonya sehemu kubwa ya mwangwi ule, kwa hiyo sikiliza wimbo wa kwanza wote ndipo uguse vitufe.